Komiti yako inakwenda kwenye mashine usiyoijua

Kila mtunzaji wa programu huria amewahi kufungua mchango wa aina hii. Maelezo yanasema tahajia ya neno moja imerekebishwa, lakini ukitazama tofauti unakuta faili zima limegeuka: mistari yote ya zamani imefutwa, mistari mipya imewekwa mahali pake, na ukiilinganisha huoni kilichobadilika. Mchangiaji akiulizwa anashangaa kwa dhati, maana yeye hakugusa ila neno moja. Na kweli hakugusa. Kihariri chake kilibadilisha alama ya mwisho wa kila mstari wakati wa kuhifadhi, Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ikarekodi ilichokikuta, na sasa mtu wa upande wa pili anatakiwa alisake neno moja ndani ya mistari elfu mbili.

Simlaumu mchangiaji huyo. Miongozo mingi ya Git imeandikwa kana kwamba watu wote wa mradi wanatumia mashine ya aina moja, na wanaotofautiana ni kwa ladha ya kihariri tu. Katika programu inayotakiwa kufanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, mambo hayako hivyo. Komiti unayoituma leo, yaani rekodi moja ya mabadiliko yako, itafunguliwa, itajengwa na siku moja itachunguzwa na mtu mwenye mashine ambayo wewe huna na pengine hujawahi kuiwasha. Siku hiyo hutakuwepo. Atakachokuwa nacho mkononi ni komiti yako na ujumbe uliouandika juu yake. Mazoea ninayoyatetea hapa yote yanatoka kwenye jambo hilo, ndiyo maana mengine nitayakalia sana na mengine nitayapita.

Inasaidia kukumbuka Git ilizaliwa wapi. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, baada ya waendelezaji wa kernel kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, zana ya kibiashara ya kazi hiyohiyo, bila malipo, na Julai ya mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano utunzaji wake. Ilikuwa zana ya watu wa Linux waliyojitengenezea wenyewe, kwa hiyo ikabeba dhana za kwao: jina la faili ni mfuatano wa baiti tu, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, faili linaweza kuwa na ruhusa ya kuendeshwa, na mstari unaisha kwa alama moja. Windows inazikataa karibu zote. macOS inazikubali baadhi. Nimeona watu wakihangaika na Git kwa miaka wakidhani tatizo ni ugumu wa amri zake, kumbe nusu ya taabu yao ilikuwa dhana za mifumo tofauti zinagombana chinichini.

Mwisho wa mstari

Nitaanza hapa kwa sababu ndipo michango mingi inapoharibikia. Enzi za teleprinta, kumaliza mstari kulihitaji vitendo viwili: kichwa cha kuchapia kirudi kushoto, kisha karatasi ipande mstari mmoja. Katika ASCII, orodha ya namba za herufi na alama za kompyuta, kitendo cha kwanza ni CR, namba 13, na cha pili ni LF, namba 10. Unix ikaamua LF peke yake inatosha. DOS, na Windows nyuma yake, ikabaki na zote mbili. Mac OS ya zamani, kabla ya Mac OS X, ilitumia CR peke yake. Mashine zenyewe zilishaondoka, lakini uamuzi wa kila upande umebaki ndani ya mafaili yetu.

Git ina mpangilio unaoitwa `core.autocrlf`. Ukiuweka `true`, mafaili yanapotolewa kwenda kwenye folda yako LF inageuzwa CRLF, na unapofanya komiti inageuzwa kurudi LF. Kisakinishi cha Git for Windows huupendekeza kama chaguo la kawaida. Ni mpangilio wenye nia njema, ila una kasoro ya msingi: ni wa mtu binafsi. Mradi hauwezi kujua wewe umechagua nini, na mwenzako hawezi kujua pia. Watu watatu wenye mipangilio mitatu wakifanya kazi kwenye hazina moja, yaani folda ya mradi pamoja na historia yake, historia hiyo itajaa mabadiliko ambayo hakuna aliyekusudia kuyafanya.

Dawa ni faili la `.gitattributes` ndani ya hazina yenyewe, ambalo linasafiri na msimbo na kumshinda kila mtu na mpangilio wake. Kwa miradi mingi mistari michache inatosha:

```
* text=auto
*.sh   text eol=lf
*.bat  text eol=crlf
*.png  binary
```

Kila mstari hapo una sababu yake. Skripti ya `.sh` ikiingia Linux na CRLF, kernel inasoma mstari wa kwanza `#!/bin/sh` pamoja na CR iliyojificha mwishoni, inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na CR, haiipati, na inalalamika kwamba faili halipo ilhali unaliona mbele yako. Ni mojawapo ya ujumbe wa kosa unaopoteza watu muda kuliko wote, hasa skripti inaponakiliwa kutoka Windows kwenda kwenye kontena la Linux. Upande mwingine, `cmd.exe` inaweza kushindwa kuzipata lebo za `goto` ndani ya faili la `.bat` lililoandikwa kwa LF tupu. Ama picha, zikidhaniwa ni maandishi zinaharibika. Waliobuni PNG walilijua hilo mapema: baiti nane za mwanzo za kila faili la PNG zina ndani yake CR LF na baadaye LF peke yake, zilizowekwa makusudi ili zana yoyote iliyobadilisha mwisho wa mistari igundulike papo hapo, maana saini ya faili itakuwa imevunjika.

Kama mradi umekaa miaka bila faili hilo, usiliongeze ndani ya mchango wa jambo jingine. Fanya komiti yake peke yake, kisha endesha `git add --renormalize .` na uweke matokeo katika komiti ya pili ambayo haina kitu kingine chochote. Komiti hiyo ya pili itagusa mafaili mengi na kuchafua `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari uliletwa na komiti ipi, lakini tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 kuna njia ya kuiambia `blame` iruke komiti fulani: unaandika namba zao kwenye faili, kwa mazoea `.git-blame-ignore-revs`, na kulitaja kwenye `blame.ignoreRevsFile`. Hilo linawezekana tu kama komiti ya usafi ni ya usafi mtupu. Ukichanganya humo rekebisho moja la kweli, hata dogo, umelificha mahali ambapo kila mtu ameambiwa asitazame.

Kabla ya kutuma chochote, `git diff --check` inaonyesha nafasi za ziada na CR zilizopenya, na `git ls-files --eol` inaonyesha kila faili liko vipi ndani ya hazina na liko vipi kwenye folda yako. Amri hii ya pili inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana.

Majina

Linux inayaona `Config.h` na `config.h` kuwa mafaili mawili. Windows na macOS, kwa mpangilio wao wa kawaida, zinayaona kuwa moja: zinahifadhi herufi ulivyoziandika lakini hazizijali zinapotafuta. Matokeo yake ni kwamba mchangiaji wa macOS anaweza kuandika `#include "Config.h"` wakati faili linaitwa `config.h`, akajenga, akajaribu, kila kitu kikaenda sawa, na mchango wake ukavunja ujenzi wa Linux dakika ileile ulipounganishwa. Kuna toleo la kosa hili linalowakuta hata wenye uzoefu: `#include <Windows.h>` inapita vizuri ndani ya Windows, lakini anayejenga programu ya Windows akiwa kwenye Linux kwa MinGW, seti ya zana za kujengea programu za Windows, anakwama, kwa sababu faili la huko linaitwa `windows.h`, kwa herufi ndogo.

Hazina ya kernel ya Linux yenyewe ni mfano mzuri. Ndani yake kuna `xt_DSCP.c` na `xt_dscp.c` katika folda moja. Ukiinakili kwenye diski ya kawaida ya macOS, moja linalifunika jingine, na kabla hujagusa kitu `git status` inakuambia umebadilisha mafaili. Kuna pia faili linaloitwa `aux.c`, na Windows hurithi kutoka DOS katazo la majina kama CON, PRN, AUX, NUL, COM1 na LPT1, hata yakiwa na kiambishi mwishoni. Kernel haina sababu ya kujali hayo, kwani haijengwi kwenye Windows. Mradi wako unajali. Majina yawe ya herufi ndogo, bila nukta pacha ya `:` ambayo Windows haiikubali, na njia nzima isiwe ndefu kupita kiasi, maana kikomo cha herufi 260 bado kinauma kwenye Windows ambako `core.longpaths` haijawashwa.

Ukitaka kubadilisha jina kwa kugeuza herufi tu, tumia `git mv` badala ya kubadilisha kwenye kidirisha cha mafaili, na Git ikigoma, hasa kwa folda, pita kwenye jina la katikati. Halafu angalia matawi pia, yaani mikondo ya kazi inayoendelea sambamba ndani ya hazina. Tawi la `Rekebisho` na tawi la `rekebisho` yanaishi pamoja kwenye seva ya Linux bila ugomvi, lakini kwa muda mrefu Git imehifadhi matawi kama mafaili, na kwenye diski isiyojali herufi matawi hayo mawili yanagombea faili moja. Nimewahi kuona timu ikidhani seva imeharibika kwa sababu hiyo tu.

Mtu anaweza kudhani haya ni usumbufu mdogo wa mafundi. Desemba 2014 yalikuwa zaidi ya hapo. Udhaifu uliopewa namba CVE-2014-9390 ulitokana na tofauti hiihii ya herufi: Git ilikataa kurekodi faili ndani ya `.git`, lakini haikukataa `.GIT`. Mtu mbaya angeweza kutengeneza hazina yenye `.GIT/config`, na mtu wa Windows au macOS akiinakili, faili hilo linaandikwa juu ya mpangilio wake halisi na kumpa mshambuliaji njia ya kuendesha amri kwenye mashine yake. Watu wa Linux hawakuguswa moja kwa moja. Mercurial, zana nyingine ya kazi kama ya Git, nayo iliguswa na tatizo la aina hiyohiyo.

Ruhusa za faili nazipitia haraka. Git inarekodi kama faili linaweza kuendeshwa au la, basi. Mtu wa Windows hana alama hiyo kwenye diski yake, kwa hiyo akiongeza skripti mpya aandike `git add --chmod=+x`, la sivyo wa Linux watakuta skripti isiyoendeka. Viungo vya ishara, yaani mafaili yanayoelekeza tu kwenye faili au folda nyingine, ndiyo shari zaidi: kwenye Windows isiyoviruhusu, Git huweka faili la maandishi lenye njia ya kule kiungo kilikokuwa kinaelekea. Ushauri wangu ni kuviepuka kabisa.

Komiti moja, sababu moja

Sasa tumefika kwenye kiini. Kila mtu amesikia kwamba komiti ziwe ndogo, na wengi wanalichukulia kama suala la unadhifu. Kwenye mradi wa majukwaa mengi ni suala la nani ataweza kutafuta kosa lako.

Fikiria hali ya kawaida. Mtumiaji wa Windows anaripoti kwamba toleo jipya halifungui mafaili yake, ingawa la zamani lilifungua. Waendelezaji watatu wa Linux wanajaribu, wanaona kila kitu kiko sawa. Hawawezi kuchunguza kwa sababu kosa haliwatokei. Anayeweza kuchunguza ni yule mtumiaji pekee, ambaye huenda hajui lugha ya programu hiyo vizuri. Lakini `git bisect` hamtaki aijue. Anaiambia toleo gani lilikuwa zima na lipi ni bovu, Git inamchukulia komiti ya katikati, anaijenga, anajaribu kufungua faili lake, anajibu ndiyo au hapana. Komiti elfu moja zinahitaji majaribio kama kumi. Mwishoni anapewa komiti moja, na anairudisha kwa waendelezaji ambao mashine zao zisingewaonyesha kitu.

Njia hiyo ina masharti mawili. La kwanza, kila komiti njiani iwe inajengeka. Akikutana na komiti tano mfululizo ambazo hazijengeki kwenye Windows kwa sababu mwandishi wake alikuwa "katikati ya kazi", inambidi aziruke kwa `git bisect skip`, au kama anatumia skripti na `git bisect run`, skripti irudishe namba 125, na jibu la mwisho linakuwa kundi la komiti badala ya moja. La pili, komiti anayoangukia iwe ndogo kiasi kwamba kuijua ni kujua kosa. Komiti ya mistari mia tisa iliyobadilisha mpangilio wa msimbo, ikaongeza kipengele na kurekebisha mambo matatu "nikiwa humohumo" haimwambii mtu chochote zaidi ya jina la mwandishi.

Chukua mfano wa kitu ambacho kila programu ya mezani hukutana nacho: wapi pa kuhifadhi mipangilio ya mtumiaji. Linux ina `XDG_CONFIG_HOME`, na isipowekwa ni `~/.config`. macOS ina `~/Library/Application Support`. Windows ina `%APPDATA%`. Tuseme programu yako mpaka sasa inaandika faili lililofichwa moja kwa moja kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, kila mahali, na unataka kuistaarabisha. Komiti ya kwanza inakusanya sehemu zote zinazotaja njia hiyo na kuzielekeza kwenye kitendaji kimoja, bila kubadilisha tabia ya programu hata kidogo. Anayeikagua anatafuta jambo moja tu, kama kweli hakuna kilichobadilika. Ya pili inabadilisha Linux. Ya tatu macOS. Ya nne Windows. Ya tano inahamisha mipangilio ya zamani kwenda mahali papya. Wiki tatu baadaye ikigundulika kwamba ya nne inavuruga njia zenye nafasi ndani yake, mtunzaji anaandika `git revert` kwa komiti hiyo moja, Windows inarudi ilivyokuwa, na watu wa Linux na macOS hawapotezi kitu.

Hii ndiyo sababu siungi mkono desturi ya kukunja kila mchango kuwa komiti moja wakati wa kuunganisha. Kwa rekebisho la mistari kumi haina madhara. Kwa mchango kama ule wa juu, inabomoa kazi ya mpangilio iliyofanywa na kumwachia mchunguzi wa baadaye donge. Wanaoipenda wana hoja, kwamba matawi ya wachangiaji wengi yamejaa komiti za "jaribu tena" na "sasa itakubali", na hazifai kuingia kwenye historia. Nakubali hazifai. Jibu langu ni kuzisafisha kabla ya kutuma, kwa sababu Git ina kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo.

Namna ninavyofanya ni hii. Ninafanya kazi bila nidhamu kubwa kwenye tawi langu, maana mawazo hayaji kwa mpangilio. Nikiwa tayari, natumia `git add -p` kuchagua vipande kimojakimoja, na amri hiyo peke yake inanionyesha mabadiliko niliyoyasahau, hasa mistari ya majaribio. Nikigundua kosa kwenye komiti ya nyuma ya tawi hilo, naandika `git commit --fixup` nikitaja komiti husika, kisha `git rebase -i --autosquash` inaliweka rekebisho mahali pake. Mwisho naendesha `git rebase --exec` pamoja na amri ya kujenga na kujaribu, ambayo inasimama kwenye kila komiti na kuijaribu. Hatua hii ya mwisho watu wengi wanairuka kwa kuwa wanategemea mashine za majaribio za mradi, lakini mashine hizo kwa kawaida hujaribu ncha ya tawi tu. Komiti za katikati hazijajaribiwa na yeyote mpaka siku `bisect` itakapotua juu yake.

Baada ya kuandika upya tawi lililokwisha kutumwa, lazima usukume kwa nguvu. Tumia `--force-with-lease` na si `--force`. Hiyo ya kwanza inakataa kama kuna mtu ameongeza kitu kwenye tawi la mbali tangu ulipolitazama mara ya mwisho. Ujue tu kwamba kihariri kinachofanya `git fetch` chenyewe nyuma ya pazia kinaudhoofisha ulinzi huo, kwa sababu Git inadhani umekwisha kuyaona mabadiliko. Na mkaguzi aliyekwisha kusoma toleo la kwanza umpe `git range-diff` kati ya matoleo mawili, ili asilazimike kusoma yote upya.

Ujumbe, na mstari ninaoupenda

Kanuni za umbo zinajulikana: kichwa kifupi, kama herufi 50, mstari mtupu, kisha maelezo yenye mistari isiyozidi herufi 72 hivi. Sina ugomvi nazo. Ninachokitafuta mimi kwenye ujumbe ni vitu viwili, sababu na mipaka ya ulichokihakiki. Huu ni mfano, nimeuweka kwa Kiswahili ingawa miradi mingi ina lugha yake:

```
Fungua mafaili ya Windows kwa _wfopen

fopen kwenye Windows husoma jina kwa mpangilio wa
herufi wa mfumo, hivyo faili lenye herufi zisizo
kwenye mpangilio huo halifunguki. Tumia _wfopen
kwenye Windows pekee.

Imejaribiwa: Windows 11, Linux.
Haijajaribiwa: macOS; msimbo wa huko haujaguswa.
```

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda, na ndio unaokosekana mara nyingi. Wachangiaji wanaogopa kuuandika wakidhani unaonyesha udhaifu. Kwangu unaonyesha kwamba mtu anajua mashine yake inaishia wapi. Mtunzaji akiuona anajua amwombe nani ajaribu kabla ya kuunganisha, na mchunguzi wa mwaka ujao anajua aanzie wapi kushuku. Ujumbe unaosema tu "rekebisha kufungua mafaili" unamwambia kile ambacho tofauti yenyewe ingemwambia.

Kama komiti inarekebisha kosa lililoletwa na nyingine, itaje. Kernel ya Linux ina desturi ya mstari wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za mwanzo za namba ya komiti iliyokosea pamoja na kichwa chake, na wanaotunza matoleo ya zamani huutegemea kujua ni marekebisho yapi yawafikie. Kuhusu `Signed-off-by`, ambayo kernel iliianza mwaka 2004 ili kila mchangiaji athibitishe ana haki ya kutoa msimbo huo, uiweke mradi unapoitaka, kwa `git commit -s`, na uelewe unachokitia saini.

Visivyopaswa kuingia

`.DS_Store` ya macOS, `Thumbs.db` ya Windows, folda ya kihariri chako: hivi ni vya mashine yako, basi vizuie kwenye mashine yako kupitia `core.excludesFile`. Kujaza `.gitignore` ya mradi na takataka za kila kihariri duniani ni kelele tu, ingawa najua wengi hawakubaliani nami hapa na si jambo la kugombania.

Mafaili ya baiti ni suala zito zaidi. Machi 29, 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana mafaili, yana mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kumekuwa kuzito kuliko kawaida. Sehemu ya msimbo mbaya ilikuwa imejificha kwenye hazina yenyewe, ndani ya mafaili ya baiti yaliyoletwa kama sampuli za majaribio. Kipande kilichoiamsha, ndani ya faili la `build-to-host.m4`, hakikuwemo kwenye Git kabisa; kilikuwemo tu kwenye kifurushi cha toleo kilichopakiwa kwa watumiaji. Aliyesoma historia ya Git peke yake asingekiona. Tangu hapo, nikiombwa kukagua mchango wenye sampuli ya baiti, nauliza skripti iliyoitengeneza iko wapi, na nataka skripti hiyo iingie pamoja na sampuli.

Kurudisha nyuma

Siku moja mchango wako utavunja jukwaa usilokuwa nalo. Kinachofuata ndicho kinachopima mazoea yote ya juu. Watu wengi hukimbilia kurekebisha mbele: wanatuma jaribio, wanasubiri mashine za majaribio, linashindikana, wanatuma jingine, na tawi kuu linabaki bovu siku nzima huku kila mchango wa wengine ukionekana una kosa. Kama huna mashine yenyewe, rudisha kwanza. `git revert`, ujumbe unaosema kilichovunjika na wapi, kisha uchunguze kwa nafasi ukiwa na mtu wa jukwaa hilo. Kurudisha si adhabu, na mtunzaji anayerudisha komiti yako hajakutukana.

Hapo kuna mtego mmoja wa kuufahamu. Ukirudisha komiti ya kuunganisha, kwa `git revert -m 1`, mabadiliko yanaondoka lakini Git bado inahesabu kwamba tawi lile limekwisha kuunganishwa. Ukilirekebisha tawi na kuliunganisha tena, zitaingia komiti mpya tu, na zile za awali hazitarudi. Programu itakuwa na nusu ya kazi na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia. Inabidi kwanza urudishe ule urudishaji, kisha uunganishe marekebisho juu yake, au uandike tawi upya kwa `git rebase --no-ff` ili komiti zote zipate namba mpya. Chochote utakachochagua, kiseme kwenye ujumbe, maana aliye upande wa pili ataona komiti tatu zinazopingana na atataka kujua ipi ndiyo ya mwisho.